Mnunuzi wa Mpunga Aliyekosa Shahidi

Habari za kifo cha mzee aliyenifundisha biashara zilinifikia siku nne baada ya maziko, na sikushangaa kwamba hakuna aliyeona haraka ya kuniambia. Amefia Mvumi, wilayani Kilosa, akiwa na miaka themanini na ushei, mkulima wa mahindi kama majirani zake. Aliyeniletea habari ni mwalimu mstaafu mwenzangu. Alinieleza kwamba watu walijaa msibani na wazee watatu wakasimama kumsifu marehemu kwa uaminifu wake. Wawili kati ya hao nawajua. Walikuwepo kwenye mkutano uliomwita mnyonyaji, na walinyoosha mikono kabla ya wengine. Sijui kama waliona haya. Mimi naona haya kwa niaba yao na zaidi kwa niaba yangu, maana mkutano ule nilikuwepo, tena na kalamu mkononi. Ninyi wasomaji mnaonifuata kila wiki mmezoea kunisikia nikiwasema wakubwa. Leo niacheni nijiseme mwenyewe.

Nilimfahamu Kilosa mjini katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, nikiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi ya Tindiga, kijiji cha wakulima wa mpunga. Yeye alikuwa na ghala karibu na stesheni, na kazi yake watu wengi hawakuielewa. Wanunuzi wengine walisubiri mavuno. Yeye alikwenda Tindiga wakati wa masika, mpunga ungali kijani, akakaa na mkulima pamoja na mkewe. Na mume peke yake hakuzungumza biashara. Aliwapa shilingi mbili kwa kila gunia walilotarajia kuvuna, na makubaliano yalikuwa haya: wakishapura, akija ndani ya siku saba watamuuzia kwa shilingi arobaini gunia, hata kama sokoni ni zaidi. Asipokuja, mpunga ni wao na zile shilingi mbili ni zao. Fedha hiyo ya kutanguliza ndiyo tuliyoiita arubuni. Bei ikishuka, alinunua mpunga kwingine na arubuni akawaachia, na wafanyabiashara wenzake walimcheka kwamba anatupa fedha. Mwenyewe alisema amenunua hiari, na hiari ina bei yake kama chumvi. Tena bei ilipopanda sana alimwongezea mkulima kitu juu ya zile arobaini, bila kuombwa. Halikuwa jambo la kuandikiana, lakini watu walilizoea na walilingojea.

Nilimwomba anifundishe, akakubali. Kila Ijumaa baada ya swala alikaa mbele ya ghala akapitia arubuni zake zote zilizokuwa bado wazi, shamba moja baada ya jingine, na kwa kila moja alijiuliza kama leo angeitoa tena. Jibu likiwa hapana, aliiuza haki yake kwa mnunuzi mwingine wakati bado ina thamani, au aliisahau kabisa. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kung'ang'ania. Msimu wangu wa kwanza sokoni gunia lilikuwa shilingi thelathini na tano, nami nikaenda kulipa arobaini kwa sababu tu nilikuwa nimeshatoa mbili. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwalimu," akaniambia, "zile mbili zimekwenda zao. Sasa wewe unazisindikiza na tano." Sikuchukia. Alikuwa na namna ya kukuonyesha ujinga wako ukaondoka umeshiba.

Msimu wa tatu nilijiona nimehitimu. Mikumi kulikuwa na kambi ya wajenzi wa barabara, na mzabuni aliyewalisha alikuwa akitafuta mchele kwa hamu. Nikafikiri, kwa nini kila mara niwe mimi ninayetoa arubuni? Nikapokea ya kwake. Nilimwahidi magunia thelathini ya mpunga kwa shilingi arobaini na tano kila moja, iwapo atataka kuyachukua baada ya mavuno, na wakati naahidi sikuwa na hata punje. Nilitegemea kununua kwa arobaini au chini yake, kama miaka iliyotangulia. Arubuni yake niliila siku ileile kwa kununua baiskeli. Nilipomweleza mzee hakucheka. Aliniuliza mpunga uko wapi, nikamjibu utapatikana. Akasema, "Anayetoa arubuni amejinunulia hiari. Anayeipokea amejifunga. Katafute mpunga leo, hata kwa arobaini na nne." Sikutafuta. Nilimwona mzee ameanza kuogopa.

Mto Mkondoa ulifurika mwaka ule na mashamba ya chini ya Tindiga yalizama yote. Gunia la mpunga likafika shilingi themanini, na hata kwa bei hiyo halikuonekana. Mzabuni alileta barua shuleni. Ama mpunga, ama yeye na mwalimu mkuu na polisi tukae meza moja. Mshahara wangu wa miezi kadhaa usingetosha kuziba pengo lile. Nilikwenda kwa mzee nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Aliitikia marahaba, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Yeye alikuwa na arubuni kwenye mashamba ya juu ambayo maji hayakuyafikia, magunia thelathini na mawili, kila moja kwa shilingi arobaini. Angeuza kwa themanini, na humo angetoa nyongeza ya wakulima kama desturi yake. Akaniuzia mimi thelathini kwa bei ileile aliyonunulia. Kwa hiyo mwaka huo wakulima wa juu hawakupata nyongeza, na hawakuambiwa sababu, kwani aliona haifai kumtangaza mwalimu wa watoto wao. Nami niliwapelekea watu wa Mikumi mpunga wao, nikarudi na baiskeli yangu.

Miaka michache baadaye lilikuja Azimio, na kwa Azimio lenyewe sina ugomvi. Wanyonyaji walikuwepo Kilosa, na nilijua nyumba zao. Wengi wao walijua kusoma upepo, wakageuza kofia, wakawa wajumbe wa kamati. Mzee hakugeuza kofia kwa sababu hakujua ana kosa. Mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa shule Tindiga, nami nikateuliwa kuandika muhtasari kwa kuwa mwandiko wangu ulisifika. Wakati huo jina langu lilikuwa limepelekwa mkoani niwe mwalimu mkuu, na miiko ya uongozi ilikuwa wazi juu ya mtumishi anayefanya biashara pembeni. Mama mmoja mkulima alisimama. Alisema miaka mingine mzee aliwaongezea, lakini mwaka wa mafuriko alichukua mpunga wao kwa arobaini nao ukiwa themanini, na hawakuona hata senti. Hakuwa mwongo yule mama. Mwenyekiti akamuuliza mzee faida ile aliipeleka wapi.

Mzee alijibu kwamba hakupata faida, aliuza kwa bei ya kununulia. Uwanja mzima ulicheka. Mwenyekiti akataka shahidi. Mzee hakunitazama, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alitazama chini akasema, "Shahidi yupo. Akipenda atasema." Nilisikia mbuzi wa Wamasai wakipita nyuma ya madarasa. Nilikuwa na muda wa kutosha kusimama. Niliinamia daftari nikaandika: mtuhumiwa hana shahidi. Kwa mwandiko wangu ule mzuri leseni ikaondolewa, ghala likawa mali ya ushirika, naye akapelekwa Mvumi kupewa eka zake kama wengine. Mimi nikapata ukuu wa shule, Mikumi.

Nilijiambia nitamwendea na kulisema hadharani, mambo yakitulia. Niliahirisha kwa sababu kamati ilikuwa na nguvu, kisha kwa sababu watoto wangu walikuwa wanasoma, kisha kwa sababu nilikuwa nimehamia Dar es Salaam kuandika magazetini na nikaona yamekwishapita. Mara moja, nikingali mwalimu mkuu, tulikutana Mikumi, yeye akisubiri basi na furushi la maharage ya milimani Vidunda. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akauliza shule inaendeleaje. Basi likachelewa karibu saa nzima. Tulizungumza habari za nyani wanaokula mahindi. Siku hizi biashara imefunguliwa, na vijana wenye malori wanakwenda Tindiga kununua mpunga ungali shambani. Hawatoi arubuni ya kumwachia mtu. Wanatoa nusu ya bei, bei yenyewe ya kutupa, na mkulima mwenye mgonjwa ndani anakubali. Mkewe hahusishwi. Hakuna mkutano unaoitishwa, wala anayeulizwa faida amepeleka wapi, na mmoja wa wale wazee wawili waliosifu msibani ana malori mawili.

Mzee alinifundisha jambo ambalo nilidhani ni la mpunga tu. Haki ya kuchagua ina siku ya mwisho. Ukiisha muda wake, haikuulizi kama ulikuwa bado unafikiri. Niliishika hiari ya kusema ukweli kwa zaidi ya miaka ishirini, nikingoja siku ambayo kusema kusingenigharimu kitu, na siku hiyo imefika sasa ambapo kusema hakumsaidii mtu. Hata hivyo naliandika. Mwaka wa mafuriko mzee yule hakumnyonya yeyote. Mimi ndiye niliyeuza mpunga nisiokuwa nao, na wakulima wa Tindiga ya juu walikosa nyongeza yao ili mimi nisiaibike.

Nilipanga kumtaja hapa kwa majina yake matatu, ili walau gazeti limrudishie kile daftari langu lilichomnyang'anya. Juzi nilikwenda Mvumi kuwaomba wanawe ruhusa. Walinikaribisha, wakanipa uji, wakanisikiliza mpaka mwisho kama baba yao alivyokuwa akisikiliza. Kisha binti mkubwa akaniambia kwa adabu zote, "Andika, Baba. Lakini jina la mzee wetu usiliweke karibu na lako."