Siku GPS Yangu Ilipotupeleka Kuposa Mbweni

"Nani amewaelekeza hapa?" Aliniuliza hivyo mama mmoja wa Mbweni, mlangoni kwake, mie nimevaa baibui la kuazima na nimeshika sinia la halua, na shahada yangu yote na ulimi ambao nyumbani wanasema hauna breki, nikaishia kumnyooshea sinia.

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla shangazi hajawafikia, maana yeye chumvi haipimi.

Kosa lilianzia dukani. Gari la mama hutoka mara mojamoja tu, nikaona kwa nini nimalize bando na chaji ya simu kwa ramani wakati kuna vile vifaa vya GPS vya kubandika kwenye kioo, nikasoma maoni ya wanunuzi mtandaoni (watu wa Ulaya, wanaozijua sana njia za Mbweni), nikalinganisha skrini, betri na spika, kisha baada ya utafiti wote huo nikanunua cha bei ya chini kuliko vyote, mtumba, Kariakoo. Muuzaji akasema, "Sista, hiki kinaijua Dar kuliko wewe." Mie ninayehoji hata mizani ya muuza nyama, sikumuuliza ramani yake ni ya lini.

Safari yake ya kwanza ikawa kupeleka posa ya kaka yangu Salum. Mwenye kuposa haendi, kwa hiyo mtu pekee aliyeijua nyumba ya mchumba alibaki Tandika akitembea uani. Baba wa binti alishasema ni saa kumi, na washenga waliowahi kuchelewa kwake aliwarudisha na sinia lao.

"Ukifika msikitini uliza tu, dada," Salum alinisihi.

Niulize, karne hii. Nikaingiza jina la mtaa, mashine ikakubali bila ubishi, ikatuzungusha kwenye vichochoro, ikataka tupite katikati ya ukuta wa mtu, kisha ikatangaza tumefika.

"Una hakika?" Shangazi aliuliza.

"Shangazi, hii inaongozwa na setilaiti."

Ndipo lile swali la mlangoni. Baba Mkubwa, msemaji wetu, akadhani mitihani ya ukweni imeanza, akanijibia, "Mapenzi ya vijana, bibie." Tukakaribishwa ndani. Na desturi ikatumaliza hapo, maana posa ya kistaarabu haimtaji binti kwa jina, husifia ua lililochanua kwenye bustani ya watu, na Baba Mkubwa alilisifia ua hilo kama aliyelipanda mwenyewe. Mama wa watu alisikiliza ametulia, akatuletea juisi ya ukwaju, hata akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Simu ya shangazi ikaita. Salum, kwenye spika (shangazi hajui kuizima).

"Mko wapi nyie? Mzee anaondoka, ameshawasha gari."

Baba Mkubwa alilitazama sinia, kisha akanitazama mie, na katika maisha yangu sijawahi kutazamwa vile.

"Nyumba hiyo iko nyuma ya msikiti," mama yule alisema taratibu. "Chukueni halua yenu, muwahi."

Tulimkuta mzee kwenye usukani, geti liko wazi. Baba Mkubwa, maneno yote ameyamaliza kule, akanionyesha mlango wa gari kwa kidevu. Nikashuka.

"Shikamoo mzee. Kosa ni langu."

"Marahaba. Kosa gani?"

Nikamweleza kila kitu, mpaka Ulaya, mpaka ua, mpaka ukwaju, majirani wakisikia. Hakucheka. Alisikiliza hadi mwisho, akazima gari.

"Ingieni," alisema. "Lakini huyu asituongoze hata kwenda chooni."

Posa ikapokelewa. Kile kifaa nilimpa binamu ninayemchukia, na sasa nauliza njia kwa kila mwenye mdomo, hata nikiwa naijua.

Kilichobaki nilikuja kukijua baadaye sana, kwenye arobaini ya kuzaliwa mtoto wa Salum, nilipomuuliza mkwewe, yule yule mzee wa getini, kuhusu yule mama na binti yake.

"Binti yupi?" alishangaa. "Jirani yangu ana wavulana wanne tu. Alijua mmepotea tangu sentensi ya kwanza. Anasema alimwacha mzee wenu amalize, kwa sababu nani mwingine angekuja kuyasema maneno yale sebuleni kwake."