Pazia Lililokatwa Mapema

Kuna watu walioumbwa na kicheko, na kuna watu walioumbwa na futi ya kupimia shingoni. Huyu wetu alikuwa wa kundi la pili. Karakana nzima ilimwita Futi, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa shangazi yake na kwenye kitambulisho. Alishona mapazia tu. Ukimuuliza kwa nini hashoni nguo, alikujibu kwamba nguo humsitiri mtu mmoja, pazia husitiri nyumba nzima. Alikuwa mwanamke wa makamo, hajaolewa, mikono ya gauni hadi vifundoni, pindo hadi visiginoni, na jua likianza kuzama yeye yuko ndani. Vijana wa mtaani walinyamaza akipita, wengine hata walichomekea mashati. Hilo alijivunia, ingawa hakumwambia mtu.

Sasa njoo kwa Kicheko. Naye fundi wa mapazia, naye hajaolewa, naye amejisitiri kutoka juu hadi chini, na ibada hakosi. Kwa kuhesabu sifa ungesema ni pacha, ila mmoja alitangulia miaka kadhaa. Lakini gauni refu likiwa mwilini mwa Futi watu waliona adhabu. Likiwa mwilini mwa Kicheko waliona heshima. Futi akienda kwa mteja aliletewa kiti. Kicheko akienda aliletewa kiti, chai, na habari za ukoo mzima, na akiaga alisindikizwa hadi getini. Pazia alilolining'iniza Futi halikuwahi kupinda hata kidogo, na bado wateja walipiga simu kuuliza, "Yule binti anayecheka yupo?"

Tusipindishe maneno: Futi alimwonea wivu. Alimwonea wivu asubuhi kabla hata ya salamu. Binti alipokosea kushona, roho ya Futi ilipata kiupepo; alipopatia, chakula cha mchana hakikushuka. Na kibaya zaidi, Kicheko mwenyewe alimwita dada, akamwachia mkasi mzuri, akamfagilia chini ya cherehani. Mtu akikuchukia, unapata pa kuanzia. Mtu akikupenda huku wewe unamwonea kijicho, utamshitaki kwa nani?

Basi jengo la karakana likauzwa. Mwenye karakana, mama mmoja mwenye mwili mkubwa na maneno machache, hakulia. Akaamua kufungua vyumba viwili vidogo vya kazi katika miji miwili, kila kimoja na fundi mmoja mkuu. Mmoja ulikuwa mji mkubwa, ule ambao kila mtu ana binamu yake huko. Wa pili ulikuwa mji mdogo wa milimani, wenye baridi, ambao watu waliuita Juu.

"Futi, wewe ndiye mkongwe," alisema mama huyo. "Kaone miji yote miwili, urudi uchague. Utakaouacha ni wa Kicheko."

Wakati huo Futi aliishi kwa shangazi yake, na mtoto wa kiume wa shangazi alikuwa anakaribia kuoa. Hakuna aliyemwambia Futi ahame. Walianza tu kupima kitanda kipya ndani ya chumba chake akiwa amekaa humo humo.

"Mwanangu," shangazi alimwambia akimfungia safari, "mji si mume, lakini uchague hivyo hivyo. Ndio utakaoamka nao kila siku."

"Wewe shangazi ulichagua?"

"Mimi nilichaguliwa. Ndiyo maana nakwambia."

Mji mkubwa alikaa siku chache. Chumba cha kuishi alichoonyeshwa kilikuwa ghorofa ya tatu, na dirisha lilitazamana na dirisha la jengo jingine, karibu mno. Humo aliishi bwana mmoja aliyepiga mswaki akiwa na fulana, akimtazama Futi bila haraka, kama mtu anayesubiri taarifa ya habari. Ngazini watu walipishana bila salamu. Futi alirudi kituoni akiwa amebana pochi kwapani, akasema moyoni: hapa naweza kufa, na majirani wakajua kwa harufu.

Juu kulikuwa kwingine kabisa. Mwenye nyumba alikuwa mjane, mwalimu mstaafu, mwenye vyumba vya uani alivyopangisha wanawake tu. Geti lilifungwa giza likiingia. Mgeni wa kiume aliishia barazani, hata awe kaka yako. Mahali pa ibada palikuwa kona moja tu, na chumba cha kazi kona iliyofuata. Dirisha lilitazama ua, kamba ya kuanikia nguo na pipa la maji. Mjane alimkagua Futi kuanzia kilemba hadi viatu, kisha akasema, "Mtu kama wewe nimemsubiri."

Hakuna aliyewahi kumwambia Futi kwamba alimsubiri. Alisimama pale akaona aibu, akajifanya anatazama dirisha. Na kwa kuwa mkono wa fundi haukai bure, akaivua futi shingoni akalipima. Akachukua chaki, akaweka alama yake ukutani pale fimbo ya pazia itakapokaa: msalaba mdogo wenye mkia. Kila fundi wa karakana ile alikuwa na alama yake, na ya Futi kila mtu aliijua.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo ni watu wa mapazia tu wanaoweza kulifanya. Karakana ilikuwa na sheria: kitambaa hakikatwi kabla mteja hajashika ufunguo. Watu hubadili nyumba, wachumba hugombana, na pazia lililokatiwa dirisha halina dirisha jingine. Sheria hiyo Futi ndiye aliyekuwa akiwafokea wanagenzi kwayo. Lakini aliporudi alinunua kitambaa kizito cha rangi ya mchanga, akakikata siku hiyo hiyo, akakishona kwa siri wenzake walipokwenda kula. Upindo aliushona kwa mkono. Alipomaliza alilikunja, akaliweka chini kabisa ya sanduku lake, na kwa siku mbili tatu hakumwonea wivu mtu yeyote.

Siku ya kutoa jibu ilifika. Futi aliingia na neno lake mdomoni, tayari kabisa: Juu. Mwenye karakana alikuwa bado njiani. Kicheko alisimama kwenye meza ya pasi akiwasimulia wenzake habari za mji mkubwa, ambako alikuwa amewahi kwenda kufunga mapazia ya ofisi fulani.

"Mtaa mzima ni vitambaa, nyie! Mtaa mzima! Unaingia duka hili, unatokea lile, mpaka unasahau ulichofuata. Na kuna kina mama huko wana kikundi chao, wote hawajaolewa, wote wanajiheshimu, wanakutana kila wiki. Wanakula, wanasali, wanacheka."

"Huo mji umekufaa wewe," alisema mpiga pasi. "Ukienda huko mwezi mmoja tu utakuwa mwenyekiti."

Wote wakacheka. Mwenye karakana alikuwa ameshafika mlangoni, naye, yeye asiyesema, akasema: "Kweli. Wateja wa kule watampenda."

Futi aliyaona yote mbele yake: Kicheko katikati ya mtaa wa vitambaa, Kicheko mwenyekiti, Kicheko anasindikizwa na mji mzima hadi getini, na yeye Futi huko kwenye baridi na mjane na pipa la maji. Chumba kilichokuwa pepo jana kikageuka makombo. Wivu una uchawi huo: haukuongezei macho, unakuazima ya mwenzako.

"Haya, Futi," alisema mwenye karakana. "Wapi?"

"Mji mkubwa," alisema Futi.

Kicheko aliendelea kutabasamu, ila tabasamu lilikaa usoni bila mwenyewe. Kisha akaja akamshika mikono yote miwili. "Hongera, dada. Utapapenda." Futi alipata kile kiupepo chake rohoni. Kilivuma mpaka jioni, kikatulia.

Basi akahamia. Mtaa wa vitambaa ulikuwepo kweli, na alipita humo kichwa chini. Kikundi cha kina mama alikitembelea mara moja, walimpa kiti. Bwana wa fulana alikuwepo kila asubuhi na mswaki wake. Futi alitundika shuka dirishani kwa misumari, akavaa nguo akiwa amekaa sakafuni nyuma ya kitanda, yeye aliyesitiri nyumba za watu. Pazia halikutoka sandukuni. Lilikuwa fupi na jembamba kwa dirisha lile, hilo alilijua kwa macho tu.

Habari za Juu zilimfikia bila kuziuliza, kwa mwenye karakana. Kicheko anaendelea vizuri. Mjane humpikia uji. Mjane humwita binti yangu. Kila habari Futi aliijibu, "Alhamdu, vizuri," na kila habari ilimtoa usingizi. Shangazi alipompigia kuuliza mji ukoje, alijibu kwamba mji ni mzuri, ila una kelele. "Kama mume basi," alisema shangazi.

Siku moja ya mapumziko, alasiri, simu ililia. Alikuwa Kicheko.

"Dada, shikamoo. Leo nimeshusha fimbo ya pazia langu niipandishe kidogo. Nimekuta alama yako ukutani."

Futi aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Ulikuwa unampimia nani huku?"

"Mwenye nyumba."

"Nimemuuliza mama mwenye nyumba. Anasema ulisema utarudi, akakuwekea chumba mpaka mimi nilipofika na barua ya kazi. Akadhani umenituma." Sauti ya binti ilishuka. "Dada, umeshalikata?"

Hilo swali fundi mwingine yeyote asingeliuliza namna hiyo, kwa upole, kana kwamba anauliza kuhusu mgonjwa. Futi akasema, "Nimelikata."

"Wewe? Kabla ya ufunguo?"

"Mimi."

"Basi mbona ulichagua huko?"

"Kwa sababu ulipataka wewe," alisema Futi. Alishangaa jinsi lilivyotoka, bila hata kukwaruza. "Nakuonea wivu. Nimekuonea wivu tangu siku uliyoingia karakana."

Ng'ambo ya pili maji yalisikika yakichotwa kwenye pipa.

"Siku ile ulipochagua nililia, dada," alisema Kicheko mwishowe. "Nililia kama mtoto. Sasa nimepazoea, mama amenizoea. Napapenda. Lakini sema neno moja tu. Unakitaka chumba?"

Anapapenda! Neno hilo lilimwasha Futi palepale, kwenye kidonda kilekile, akakitaka chumba kile kwa meno yote. Ndipo akaogopa. Je, anakitaka yeye, au anakitaka kwa kuwa Kicheko anakipenda? Aliweka simu begani, akafungua sanduku, akapenyeza mkono hadi chini. Kitambaa kilikuwa pale, kizito, na upindo wake wa mkono. Alikikata kabla Kicheko hajajua Juu kuna rangi gani. Katika vyote alivyowahi kuvitaka, hiki hakuwa amekitazama kwa macho ya kuazima.

"Nakitaka," alisema.

Alisubiri aambiwe hapana. Alistahili, na alijua.

"Haya," alisema Kicheko, na akavuta pumzi yenye machozi. "Mimi nitazungumza na bosi, wewe ukisema atakataa. Acha nilie tena kidogo, kisha nije. Ila nisije nikakaa bila pazia kama mwehu. Nipe vipimo vya dirisha la huko, nianze kukata."

Futi alifungua mdomo. Vipimo vya dirisha la Juu alikuwa navyo kichwani, urefu na upana, hata unene wa fremu. Akatazama dirisha lililo mbele yake, shuka na misumari yake. Tangu ahamie hajawahi kulipima.

"Dada? Upo?"

"Nipo," alisema Futi. "Subiri."

Akapanda kitandani na gauni lake refu, akaling'oa shuka, akaivua futi shingoni. Bwana wa fulana alikuwa dirishani kwake. Futi hakumjali. Alipima urefu, akapima upana, kisha akarudia kupima vyote viwili, maana pazia lilikuwa la Kicheko.