Siku ya Kuzika, Jembe Halishikwi

Aibu hii nimeibeba kimya kwa muda, na wenzangu wa uandishi wakiniuliza kwa nini siku hizi nafunga kompyuta ghafla, katikati ya kazi, mara nisikiapo kilio cha jirani, huwa nawajibu kwamba macho yananiuma. Si macho. Leo nasema, na atakayecheka acheke, maana hata mimi kuna mahali nacheka, ingawa si pengi.

Kazi yangu ni maneno. Naandika riwaya ambayo haijaisha (usiniulize itaisha lini), na ili nile, nahariri masomo ya watu mtandaoni, kazi isiyotaka ofisi bali kompyuta, umeme na mtandao unaoshika. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa begi. Wiki moja Bukoba, wiki moja Babati, siku chache Tarime mjini pale Bomani, nikishuka stendi nauliza chumba, nikipata chumba nauliza mtandao, na kabla sijalijua jina la mama anayeniuzia chapati nimeshaondoka. Siku moja nilikaa niandike sura kuhusu mji mmoja niliowahi kuishi, nikagundua kwamba ninachokikumbuka ni rangi ya shuka tu. Nilisikitika sana. Hapo nikaamua kupunguza mwendo: nitakaa mahali pamoja tangu mahindi yapandwe mpaka yavunwe, nizione mvua za sehemu moja zikianza na kuisha.

Ndivyo nilivyofika Ringwani, nyumbani kwa Mwita na mkewe Mama Ghati, waliokuwa na chumba cha kupangisha chenye dirisha linalotazama uani. Mwanzoni niliitwa mgeni. "Mgeni, karibu chai." "Mgeni, funga mlango, mbuzi wataingia." Kisha siku moja, nimekaa na kompyuta yangu kibarazani, Mwita akaniita kutoka zizini, "We mura! Njoo ushike kamba hii!" (Mura ni kijana kwa Kikurya, ila ukiitwa hivyo kwa sauti ya Mwita unajihisi umekabidhiwa boma zima.) Nilishika kamba, ndama akaniburuta mpaka kwenye matope, na jioni ile nilikula ugali nikiwa na furaha ambayo hakuna mji ulionipa.

Aliyenipokea kuliko wote alikuwa Bibi Bhoke, mama yake Mwita. Kila asubuhi nilimwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea nini?"

"Sijaleta kitu, bibi."

"Basi rudi ulikotoka."

Halafu ananiwekea kibuyu cha maziwa ya mgando na kukaa kunitazama nikiandika. "Kazi yako hii haina jasho," aliniambia. Nikamjibu ina jasho la kichwa. Akasema, "Kichwa kinatoa mvi, mume wangu. Hakitoi jasho." Nilianza kuandika namna alivyocheka, jinsi kicheko kilivyoanzia mabegani, na nilijua kwamba kwa mara ya kwanza riwaya yangu ina mtu ndani yake.

Bibi alifariki mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani.

Nyumba ikajaa watu. Mama Ghati, macho yamevimba, alipita akigawa kazi, huyu kuni, yule maji, na aliponifikia akasema, "Wewe ni mjukuu. Kesho wajukuu wakiitwa kutia udongo, na wewe utatoka. Na ujue, kwetu siku ya kuzika jembe halishikwi, isipokuwa la kaburi. Hakuna kazi." Nikaitikia. Nililia usiku ule, na lazima niseme kweli, ndani ya kilio kulikuwa na fahari pia: nimeitwa mjukuu.

Sasa, asubuhi ya maziko, dada mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akinipa kazi akaniandikia kwamba lazima tuzungumze dakika chache kuhusu kurasa fulani, na zisipopita siku ile kazi atampa mtu mwingine. Na mimi, badala ya kumjibu kwamba nimefiwa, nikaanza kujishauri. Nikasema moyoni, kompyuta si jembe. (Mnaona? Mtu aliyesoma akitaka kuvunja mwiko haupingi, anautafutia tafsiri.) Nikaingia chumbani taratibu, nikafunga mlango, nikawasha, nikampigia.

Mnisikilize vizuri hapa. Spika ya msibani ilikuwa chini ya dirisha langu, maana waya wake wa umeme ulipitia dirishani ukachomekwa ukutani kwangu. Na spika hiyo ilikuwa ya Mama Ghati mwenyewe, ile ya kwaya, ambayo mwezi uliotangulia niliiunganisha kwa blutuu na kompyuta yangu nimchezee nyimbo zake. Siku ile nyimbo zilitoka kwenye simu ya kijana wa kwaya, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa akisoma wasifu wa marehemu kwenye maiki. Nilimsikia vizuri kupitia dirishani. Dada wa Dar naye alimsikia.

"Kaka, mbona kelele? Uko wapi?"

"Nyumbani. Ni majirani, wana msiba."

"Pole. Ni mtu wako?"

Sijui kwa nini ulimi ni mwepesi hivi. Niliogopa angesema basi nenda kazike, kazi nimpe mwingine, kwa hiyo nikasema, kwa sauti ya chini, "Hapana. Simfahamu."

Wakati huohuo kijana wa kwaya akazima nyimbo, akaondoka na simu yake kuelekea kaburini. Spika ikabaki haina mwenyewe, na kama ng'ombe anayekumbuka zizi, ikajirudia kwenye kompyuta yangu. Mimi nikaona tu sauti ya dada imekatika kwenye kompyuta. Nikadhani ni mtandao. Nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Uani mwenyekiti alikuwa amefika mahali pa wajukuu. Alitaja majina, nikalisikia langu likija la mwisho, akanyamaza kunisubiri nitoke. Na katika kimya kile, juu ya jeneza, juu ya vichwa vilivyoinama, ikatoka sauti ya dada wa Dar es Salaam, safi na yenye haraka:

"Kwa hiyo huyo aliyekufa humfahamu? Basi vizuri, tusipoteze muda. Fungua ukurasa wa kwanza."

Nilichomoa waya ukutani, spika ikafa, na maiki ikafa nayo. Halafu bibi mmoja mzee katika wafiwa, kwa ule utani wa msibani unaokata kuliko kisu, akapaza sauti, "Mume gani huyu asiyemjua mkewe?" Watu wachache wakacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na hicho ndicho kilichoniumiza.

Nilifungua mlango. Begi langu lilikuwa pale kona, nalijua kulifunga haraka kuliko mtu yeyote, na njia ya nyuma inatokea barabarani kwa bodaboda. Miaka yote nilikuwa hodari wa jambo hilo moja, kuondoka. Nikaliacha, ila nilisimama nalo pale mpaka nikasikia jeneza limebebwa kwenda kaburini. Nikauvuka ua, macho yote juu yangu, mpaka kaburini, lakini wajukuu walikuwa wameshatia udongo na vijana walikuwa wanafukia. Mwita alinitazama.

"Jembe lako lina mdomo," alisema. "Kaa pale na wageni."

Nilikaa na wageni. Baada ya matanga nilimwendea nikapiga magoti nikaomba radhi, akasema, "Sawa, mgeni," akaendelea kusuka kamba. Mama Ghati aliniletea chakula kama kawaida, ila kibuyu hakikuletwa tena. Kazi ile ya Dar niliiacha mwenyewe. Mahindi yakavunwa, nikavuna nao, muda niliojipangia ukaisha, nami sikuondoka. Nilielewa kwamba mtu anaweza kukaa mahali msimu mzima na bado akawa anapita tu.

Mvua zilizofuata zilinikuta kibarazani, natazama njia aliyopitia bibi na maziwa, nikasikia kishindo upande wa shamba, kisha sauti ya Mwita.

"We mura! Ng'ombe wako kwenye mtama, umekaa tu kama picha?"

Nilikimbia peku. Nilianguka mara mbili. Sijawahi kugombezwa kwa raha namna ile.

Bado nafanya kazi ya mtandaoni. Mtu wa mbali akiniuliza hizo kelele ni za nini, za mbuzi, za kwaya, za kilio, namwambia ni za nyumbani. Na kama ni za kilio, simsubiri ajibu. Nafunga kompyuta, natoka.