Nilimficha Festo jua

Leo Jumanne, miezi kumi na minne tangu niondoke kijijini kwetu Mwazye kutafuta kibarua.

Mke wangu amepiga simu kutoka hospitali, Sumbawanga.
"Baba Festo, miguu ya mtoto imepinda. Amekosa jua."

Nikafoka: nani alimfungia ndani?

"Wewe. Ulisema baridi ya Ufipa isimuue kama ilivyomuua kaka yake."



Daktari amemweleza mke wangu kwamba bila jua mwili hukosa vitamini D, kalsiamu ya chakula haiingii vizuri. Ndipo homoni ya tezi za shingoni huichota mifupani, damu isipungukiwe, na mifupa hulainika ikapinda.

Mimi huku nakata miwa, jua linanichubua kutwa. Kila muwa uliopinda naona mguu wake.

Eti kwa dawa na jua miguu itanyooka. Mliolea watoto wa hivi, ni kweli?

Narudi ulezi wa shambani ukivunwa. Nimkute uani, nje.