Shuka la Waliofungwa

Jumamosi moja niliingia kibanda umiza pale Tunduma kutazama mpira wa Uingereza. Kando yangu alikaa dereva wa lori, mtu wa Tanga, aliyekwama kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Hatukufahamiana, lakini timu yetu ilikuwa moja, kwa hiyo akanisogezea karanga zake.

Kibanda kile kina desturi yake. Timu yako ikifungwa ukainamisha kichwa, wapinzani wanakufunika shuka jeusi na kukulilia kama maiti, mpaka ucheke au utukane.

Tulipofungwa la tatu, jirani yangu alilaza kichwa kwenye benchi la mbele. Wapinzani wakarukia shuka.

"Poleni wafiwa!" mmoja wao alipaza sauti. "Marehemu alikuwa mbishi, lakini mpira aliupenda!"

Wenzake wakaangua kilio, mikono kichwani. Mimi, mfiwa, nilipokea pole huku nikicheka.

Yeye hakucheka wala hakutukana. Tukasema huyu leo kaumia kweli, tukaendelea kutazama.

Filimbi ya mwisho ilipolia, yule mliaji mkuu alimgusa bega. "Inuka basi, kaka. Mpira umekwisha." Akafunua shuka, akamtazama usoni, kisha akalirudisha polepole na kulinyoosha kingo.

Watu husema dereva akifia ugenini hana wa kumlilia. Uongo. Huyu alililiwa na nusu ya kibanda, kwa sauti, pengine bado akisikia. Tulipojua amekufa, hakuna aliyelia.