Muuaji Niliyempa Jina la Owiti

Ukiniamini sawa, usiponiamini pia mimi sipungukiwi kitu. Lakini jambo hili lilitokea, na lilinitokea mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu. Sikuwa nimelewa, maana sisi ni Wasabato na kwetu hata majani ya chai yalipigwa vita. Tena usinitarajie nikuletee usiku wa manane na bundi. Mtu yule alinijia mchana kweupe, hapo Suna, kibanda changu cha kushona kikiwa wazi na jua likichoma bati.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya simu za mkononi. Nilikuwa nimemaliza shule nikawa nashona sare za wanafunzi. Binamu yangu Ouma alirudi kutoka masomoni ng'ambo na kitabu kinene cha mchezo, pamoja na dadu za ajabu, nyingine zina pande ishirini. Mchezo wenyewe ni wa mezani. Kila mmoja anajiundia mtu wake, shujaa au mchawi au mwizi, kisha Ouma anasimulia safari na nyinyi mnasema watu wenu wanafanya nini. Dadu ndizo zinazoamua kama wamefaulu. Jumapili alasiri tulikutana kibandani kwangu, mimi, Ouma na wavulana wawili wa jirani. Siku ya kwanza mmoja wao akaniuliza, "Na wewe utakuwa nani, mpishi wa jeshi?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Nikasema moyoni, ngojeni. Nitawaundia mtu ambaye mtalala mkimwogopa.

Nikaamua kuunda muuaji wa kuvizia. Unapewa alama, unazigawa mwenyewe kwenye karatasi: nguvu, sura, ulimi, huruma, kunyata. Nguvu nilimpa kidogo tu. Sura ya nini kwa mtu asiyeonekana? Nilimfikiria kama fundi anavyomfikiria mteja. Joho lake likawa la pamba iliyofuliwa mara nyingi, kwa sababu nguo mpya ina kelele. Viatu vyake soli laini, mifukoni hana kitu. Hata jajuok wa kwetu, yule mkimbiaji wa usiku anayetupa mawe juu ya mabati, nilimwona ni mlevi tu mbele ya mtu wangu. Alama bado hazikutosha. Nikaitazama huruma. Ouma akaniambia, "Hapo usiguse, hutaweza kumtawala." Nikafuta, nikaandika sifuri, zote nikazipeleka kwenye kunyata. Muuaji na huruma wapi na wapi, bwana?

Likabaki jina. Hapo ndipo tulipokosea, kosa ambalo mzungu aliyeandika kitabu kile hangeweza kulifanya hata angetaka. Kwetu Wajaluo, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine. Jina analolinyamazia ndilo lake. Marehemu huyo amekubali kukaa naye. Sasa siku hiyo dadu zangu zilikuwa zinaniaibisha, zinaleta moja, mbili, moja. Ouma akafanya utani, "Mtoto wako analia huyo. Mtajie majina." Tukacheka. Nikawa narusha nikitaja babu huyu na shangazi yule, dadu zinakataa tu. Majina yakaniishia, nikabaki na moja ambalo nyumbani halitajwi. Nikarusha kwa nguvu. "Owiti!"

Ishirini. Nikarudia kurusha nikilitaja, ishirini tena. Hata wale wavulana wenye mdomo walisogeza viti nyuma.

Owiti alikuwa ndugu mdogo wa babu yangu. Aliingia shimo la dhahabu kule Macalder, udongo ukamfunika, na hawakumtoa. Hakuoa, hakuzikwa, na hakuna mtoto aliyepewa jina lake kwa sababu watu waliogopa hasira yake. Na Owiti maana yake ni aliyetupwa. Umeona mambo?

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa na cherehani yangu mlangoni, nimeziba mlango wote, na kibanda hakina mlango mwingine wala dirisha. Sauti ikatoka nyuma yangu, ndani. "Nyathina," ikasema, yaani mwanangu, kwa Kijaluo cha wazee.

Nikageuka. Mwanamume alikuwa amesimama kati ya vitambaa, udongo mwekundu umemkaukia toka nywele mpaka vidole vya miguu. Juu ya udongo amevaa joho. Niamini, joho lile nililitambua kabla sijamtazama usoni. Mishono ilikuwa ya mkono wangu, na mimi sikuwahi kulishona.

"Mliniita, nimekuja," akasema. "Mtoto yuko wapi?"

Nikamuuliza mtoto gani.

"Yule mliyempa jina langu. Nimemtafuta nimekuta karatasi. Mtu analala kwenye karatasi?" Akayatazama mavazi yake. "Umeniunda vizuri. Hakuna anayenisikia. Basi nitaenda kwa yule wa Homa Bay anayelia. Na huruma usiniombe, hukunipa."

Kisha hakuwepo. Sisemi alitoka, maana angepitia wapi?

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungepiga nduru? Mimi niliitia ile karatasi ndani ya pasi ya makaa, ikaungua yote, na haikunipa amani hata kidogo. Kaka yangu alikuwa akikaa Homa Bay na mke wake Akinyi, aliyekuwa karibu kujifungua. Hakuna aliyekuwa ameniambia amejifungua. Nikafunga kibanda sare za watu zikiwa nusu, nikapanda gari la kwanza. Njia nzima nilikuwa na neno moja tu kichwani: huyo mtoto hamchukui.

Nilifika jua likizama, na kilio nikakisikia toka langoni, sauti imekwisha kukauka. Mtoto wa kiume. Tangu jana hajagusa titi, na hospitali walisema hawaoni ugonjwa. Dani, nyanya yetu, alikuwa amempakata. "Sisi Wasabato mambo haya tuliyaacha," akaniambia, lakini majina yote alikuwa ameshamtajia. Nikamweleza kila kitu.

"Yawa!" Dani akashika kichwa. "Nilijua limebaki hilo moja. Nikilitaja, hii mtoto itanyamaza. Lakini mtu bila huruma akikaa ndani ya kichanga, si atamkausha?"

"Taja tu, Dani!" Akinyi akalia. "Mtoto wangu anakufa."

Na mimi nilikuwa namwona. Alikuwa amesimama nyuma ya Akinyi, mkono wake umeshuka mpaka karibu na utosi wa mtoto, na macho ya mtoto yalikuwa yanaufuata mkono ule. Niliogopa, sikatai. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Dani, lazima jina lipewe mtoto mchanga?"

Akafikiri. "Lazima apewe mtu wa damu yetu."

"Damu si ninayo? Nipe mimi."

Kaka akasema nimerukwa na akili. Nilimtazama yule wa udongo, nikapaza sauti: "Owiti! Hutatupwa tena. Huruma sikukupa, ni kweli, basi njoo ukae kwenye yangu. Kuanzia leo mimi ni Awiti." Kwetu, Owiti wa kike ni Awiti.

Dani akachukua maji mdomoni, akanipulizia kifuani. Nilisikia baridi ikiingia na haikutoka. Mtoto akanyamaza ghafla hivi kwamba Akinyi alipiga kelele akidhani amekufa. Kumbe anatafuta titi.

Toka siku hiyo hakuna anisikiaye nikija. Mbwa hawanibwekei. Mume wangu amekwisha mwaga uji wa moto mara nyingi kwa kushtuka, mpaka nikajifunza kuvaa bangili na kukohoa kabla ya kuingia. Kanisani nimesikia umbea wote unaonihusu. Hayo ni ya kucheka. Yasiyochekesha ni haya: nikikasirika, mkono wangu wenye mkasi unatulia kabisa, na ninajua kinachofuata. Naweka mkasi chini, natoka nje, hata kama ni watoto wangu wamenikosea. Huruma yangu tunagawana wawili, na siku nyingine haitoshi. Lakini sijawahi kumwachia, na sitamwachia.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayecheza michezo hii. Unda muuaji umtakaye, mpe kisu, mpe giza. Lakini jina libuni mwenyewe. Wafu wetu wakiitwa huitika, na wakija wanataka mahali pa kulala.

Yule kichanga sasa ni mwanamume mwenye ndevu, mzima wa afya. Ni yeye peke yake anayejua nimefika. Sijakohoa, sijagusa mlango, anainua kichwa na kusema, "Karibuni." Nami ninakuwa nimekuja peke yangu.