Ngazi Isiyorudi Nyumbani

Mtaa mzima ulimwita Fundi Bati, na jina hilo hakupewa bure. Kati ya nyumba ishirini na sita za mtaa ule, kumi na tisa aliziezeka yeye. Ukimpa nafasi, atakutembeza nyumba kwa nyumba akikueleza ipi iliezekwa mwaka gani na mwenyewe alikuwa mbishi kiasi gani. Alikuwa na miaka sabini na mbili, na mguu wa kushoto aliuburuza kidogo tangu mwaka uliopita, alipoteleza juu ya banda la jirani na kushuka chini mzimamzima kama gunia. Hakupenda jambo hilo litajwe. Ukilitaja tu, anakujia juu: miaka arobaini na tano ya kazi ameanguka mara moja, je, wewe umeanguka kitandani mara ngapi?

Sasa, ngazi ndefu mtaani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya kwake. Ilikuwa ya mbao ngumu, yenye vidato kumi na vinne, na aliichonga kwa mkono wake mwaka aliooa. Zamani watu waliiazima asubuhi na kuirudisha jioni, wakishukuru. Lakini tangu mzee atoke hospitali, ngazi ikaanza tabia mpya: ikitoka hairudi. Akiuliza, anaambiwa iko kwa fulani. Akimfuata fulani, kumbe imeshahamia kwa mwingine. Miezi minane ngazi ikizurura mtaani kama kuku asiye na mwenyewe!

Hata hivyo alivumilia, mpaka ile Jumamosi mvua iliponyesha alfajiri na tone la maji likamwangukia kwenye paji la uso. Tone la pili likatua puani. Jamani, Fundi Bati avujiwe! Watu wakisikia, uso atauweka wapi?

"Tumtafute kijana apande," mkewe alisema, akiweka sufuria juu ya mto.

"Kijana? Juu ya paa langu? Labda mkishanizika."

Hakuwa akitania. Kama hawezi kuziba tundu la nyumba yake mwenyewe, basi ufundi umekwisha, abaki kuwa babu wa kuota jua barazani. Wazo hilo lilimtisha kuliko kuanguka. Akavaa kofia, akachukua fimbo, akatoka kuitafuta ngazi yake.

Alianzia kwa mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa akifua soksi zake uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ngazi yangu."

"Ngazi? Aa... nadhani iko kwa mwoka mikate. Karibu chai kwanza!"

Chai akainywa, maana kukataa chai ni ukorofi. Kwa mwoka mikate alimkuta jamaa amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Huyo naye, kabla hajaulizwa, alishamtia mkate wa moto kwapani na kumwambia ngazi iko kwa msusi, tena tangu wiki iliyopita, tena alikuwa na haraka nayo sana. Mzee akaendelea na safari, kwapa likiungua.

Msusi alikuwa kibarazani na mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Fundi Bati hakuuliza kitu. Alizunguka nyuma ya nyumba, akafunua turubai kando ya tangi la maji, na ngazi yake ikawa pale, imelala, utando wa buibui umeshikana kidato kwa kidato.

"Ulikuwa na haraka nayo, siyo?" alifoka. "Ulimwazimia nani, buibui?"

Mteja akapasuka kwa kicheko. Msusi akaona hakuna pa kukimbilia.

"Mzee wangu, usinikasirikie. Ni mama, mkeo. Ulipokuwa hospitali alipita nyumba zote akituomba ngazi isirudi kwenu. Tunaihifadhi kwa zamu, na mimi zamu yangu inaisha Jumatatu."

"Mtaa mzima mmenilia njama!"

"Mtaa mzima, mzee. Mpaka watoto wanajua."

Damu ilimchemka. Akaishika ngazi, akaivuta hatua kumi, pumzi ikamwishia. Mwoka mikate akatokea, akainua upande mmoja, na mwalimu, aliyekuja nyuma yake, akainua wa pili. Mzee alitaka sana kuwatimua wanafiki wale, lakini ngazi ilikuwa nzito, basi akawaongoza mbele kwa fimbo huku akiwatukana taratibu. Msusi na mteja wake wakafuata nyuma. Nani angekubali kupitwa?

Mkewe aliwaona tangu getini. Hakujitetea.

"Nilikaa kwenye lile benchi la hospitali siku tisa," alisema mbele ya wote. "Kila mlango ukifunguliwa nafikiri wanakuja kuniambia umekufa. Siwezi kukaa pale tena. Lakini paa ni lako. Panda, nitashika."

Basi mzee akapanda, nyundo kiunoni na misumari mdomoni. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye kidato cha tano aliinama amwambie mkewe ashike kwa chini zaidi, na hapo akamwona. Alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, amefumba macho, midomo ikitetemeka.

Tangu aichonge ngazi ile alikuwa akiipanda, na nusu ya mara hizo aliyeishika chini alikuwa mke huyu. Hakuwahi hata siku moja kutazama chini. Siku zote alitazama bati.

Akatema misumari kiganjani, akashuka.

"Mbona umeshuka?"

"Fumbua macho kwanza." Mzee akamsogelea. "Ulikuwa unaogopa hivi siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Mzee akachomoa nyundo kiunoni. Akageukia majirani, waliojifanya wanatazama mawingu, akauliza nani kati yao hana kizunguzungu. Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili. Mwoka mikate akakumbuka ana mikate jikoni. Msusi akavua viatu, akachukua nyundo, akapanda mbio kana kwamba ametumwa sokoni.

Fundi Bati akaishika ngazi upande wa kulia, mkewe akabaki kushoto.

"Siyo hapo! Juu ya tuta la bati, msumari haukai bondeni!" alinguruma. "Mpira wa msumari uingie kwanza! Gonga, binti, gonga! Unapigilia au unasuka?"

"Punguza sauti," mkewe alimnong'oneza, akimfinya mkono. "Utamwangusha mtoto wa watu."

"Hebu niache, mke wangu," akasema, bila kuondoa macho juu. "Huoni niko kazini?"